Kijerumani kwa anayeanza chuoni: nimepata 14 kati ya 40. Niache au nikomae?

Kalamu Kavu

Habari za humu, wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo yamenifika shingoni.

Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Shahada yangu ni ya takwimu, haina undugu na lugha yoyote, ila kila mwanafunzi analazimika kuchukua somo moja nje ya fani yake. Nikachagua Kijerumani. Sababu? Siku ya kujiandikisha foleni ya Kifaransa ilikuwa imezunguka jengo, ya Kijerumani ilikuwa na watu sita. Sikujiuliza kwa nini ni sita.

Wiki mbili za mwanzo nilijiona nimezaliwa nacho. Guten Tag, ich heiße fulani, ich komme aus mahali fulani, wie geht es Ihnen. Nilikuwa nasalimia mpaka kioo. Wiki ya tatu wakaingia wale watatu, der, die na das, vineno vinavyotangulia nomino kulingana na jinsia yake, na tangu hapo sina amani.

Sasa ni wiki ya tisa. Juzi tumerudishiwa jaribio: 14 kati ya 40. Naweka makosa yangu hadharani bila aibu. Niliandika “Ich habe ein Tisch” (nina meza), mhadhiri akakata, juu yake akaandika “einen”. Niliandika “Morgen ich gehe” (kesho naenda), akachora mshale wa kuhamisha maneno. Nilimweleza mama yangu: “Meine Mutter ist Lehrerin. Er ist nett.” Hapo, kwenye “er” ya mwanamume, aliweka alama tatu za mshangao. Kwenye njaa niliandika “Ich bin Hunger”, kwenye umri nikaandika “Ich habe 19 Jahre”, zote mbili mkasi. Kwenye kusikiliza, mtu alitaja chumba namba fünfundvierzig, nikaandika 54. Treni iliondoka halb acht, nikaandika 8:30.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni sentensi ya kwanza kabisa kwenye karatasi, “Ich bin Student”, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Ndiyo niliyokuwa na uhakika nayo. Ameizungushia duara jekundu bila kuandika neno. Mpaka leo sijui kosa liko wapi, na kumwendea ofisini naona haya.

Dirisha la kuacha somo linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na nusu jioni. Ukishavuka hapo, alama yoyote utakayopata inaingia kwenye wastani wako wa mwaka.

Swali langu: kuna aliyeanza kutoka sifuri kabisa, akafika mahali? Na hizi der, die, das mlizikariri kwa njia gani? Mhadhiri anasema “zinaingia zenyewe”. Kwangu zinatoka zenyewe.

Ukweli Mchungu

Acha. Kaka, hilo ni somo la kuchagua, halitakupa kazi ya takwimu. Mimi nililibeba kishujaa mpaka mwisho, likashusha wastani wangu, na kilichobaki kichwani ni “Entschuldigung”, yaani samahani, ambalo hata kulitamka nahitaji kujiandaa. Ijumaa usichelewe.

Mzee wa Ngeli

Mwanangu Kalamu, usimsikilize huyo kabla hujanisikiliza mimi. Muhula wa kwanza wa Kijerumani niliurudia. Wote, tangu Guten Tag. Leo natafsiri nyaraka za lugha hiyo, ndiyo riziki yangu. Nakueleza kitu nilichochelewa kukiona, ambacho kingenipunguzia nusu ya mateso.

Wewe unaogopa mambo matatu. Lakini umekulia kwenye lugha yenye ngeli zaidi ya tatu, na hukuwahi kukaa na jedwali.

Nikuulize. Gari lako likipata hitilafu, unasema limeharibika. Nani alikufundisha kwamba gari ni la “li”? (Najua wako wanaosema gari imeharibika, hao tuwaache.) Neno lenyewe halina alama usoni. Kitabu na mtu wamevaa sare, ki- na m-, unawatambua kwa mbali. Lakini gari, meza, chupa, shati, hawa hawana sare. Umewajua kwa sababu tangu utotoni hukuwahi kulisikia shati likija peke yake. Lilikuja na “hili”, “langu”, “limechanika”. Sikio lilimeza neno na mwenzake kwa pamoja.

Der, die, das ni hao wenzake. Bila shaka kwenye daftari lako umeandika “Tisch: meza”. Ndipo ulipopotea. Tisch bila der ni neno lililokatwa kichwa, ni kama mgeni anayejifunza Kiswahili aandike “-tabu” halafu ashangae mbona hajui kusema kizuri au vizuri. Andika “der Tisch”, litamke “der Tisch”, liote “der Tisch”. Ukikuta neno jipya bila mwenzake, usiliandike mpaka umemtafuta.

Mimi nilikuwa na daftari kubwa. Kila ukurasa niliugawa kwa mistari miwili: nomino za der kushoto, za die katikati, za das kulia. Sikutumia rangi, sikuwa na kalamu za rangi. Miaka imepita, daftari lilishaliwa na mchwa, lakini nikisita kwenye neno naona lilikaa upande gani wa ukurasa. Die Brücke, daraja, katikati, karibu na doa la chai.

Na si kweli kwamba zote ni za kukariri. Mwisho wa neno unasema mengi. Likiisha na -ung, -heit, -keit, -schaft au -tät, karibu kila mara ni die. Likiisha na -chen au -lein ya udogo, ni das. Siku za wiki, miezi na majira ya mwaka, ni der. Na hii utaipenda: kitenzi chochote ukikifanya nomino kama kilivyo kinakuwa das. Das Essen, das Lesen, das Schwimmen. Hiyo ni ngeli ya KU, mwanangu. Kula kwake, kusoma kwake, kuogelea kwake. Ukipata das ya namna hiyo, huna cha kukariri.

Sasa tuje kwenye karatasi yako, maana imenichekesha na kunihuzunisha. Njaa umekosa kwa sababu ulifikiri kwa Kiingereza. Naamini mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza? Kiingereza kinakuzungusha nyumba nzima wakati mlango wa mbele uko wazi. Wewe kwa lugha yako unasema NINA njaa. Mjerumani anasema Ich HABE Hunger. Nina kiu, ich habe Durst. Nina hofu, ich habe Angst. Nina muda, ich habe Zeit. Ni neno kwa neno. Halafu kwenye umri, mahali pekee ambapo Kiswahili kingekuponza, ndipo ukakikumbuka: nina miaka 19, ukaandika habe. Huko wanasema “Ich bin 19 Jahre alt”. Umekosa mara mbili kwa kugeuza njia mara mbili!

Maumivu nayo ni hivyo hivyo. Sisi hatusemi “nina uchungu katika kichwa”. Tunasema kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kinachotenda, mimi ndiye natendewa. Wao: Der Kopf tut mir weh. Kitabu kinanipendeza: Das Buch gefällt mir. Wenzako watahangaika na hiyo “mir”, wewe unayo ndani ya kitenzi tangu hujaota meno, ni ile “-ni-”.

Kosa la mama kuwa “er” ni letu sote. Kiswahili kinasema “anapika” na hakiulizi ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo ubongo wetu hauna desturi ya kukagua jambo hilo kabla mdomo haujafunguka. Mimi nilimwita dada yangu “er” mwaka mzima. Dawa niliyopewa ilikuwa ya ajabu lakini ilifanya kazi: nilikaa dirishani nikisimulia wapita njia kwa sauti ya chini. Sie läuft. Er wartet. Sie telefoniert. Robo saa kila siku. Watu walidhani naomba dua.

Jambo la mwisho nikapumzike. Neno “shule” unalolitamka tangu utotoni ni lao, Schule. Na “hela” ni Heller, sarafu yao ya zamani. Kwa hiyo hujaanza kutoka sifuri, una mawili mfukoni. Die Schule, tafadhali. Na der Heller.

Penseli Butu

Mzee kaongea vizuri, na ile ya ngeli ya KU nitaiiba. Ila ametia chumvi kidogo, na kwa kuwa mimi nawasaidia wanaoanza, niseme mahali ambapo ngeli zitakuangusha.

Ngeli zetu zina msimamo. Kitabu kimeanguka, nimenunua kitabu, nimemgonga mtu kwa kitabu: ki- ni ileile popote litakapokaa neno. Kijerumani hakina huruma hiyo. Mwenzake wa nomino anabadilika kulingana na kazi ya nomino kwenye sentensi. Der Tisch ist groß (meza ni kubwa), lakini ich kaufe den Tisch (nanunua meza), na das Buch liegt auf dem Tisch (kitabu kipo mezani). Meza ni ileile. Kibaya zaidi, ukifika Dativ, hali ya anayetendewa, “die” inageuka “der”: mit der Frau, pamoja na mwanamke. Ukifundishwa kwamba der ni ya kiume tu, siku hiyo utalia.

Ila, Kalamu, usikariri jedwali lote la visanduku 16 kwa mara moja. Najua limebandikwa ukutani na linatazama watu vibaya. Kwa sasa kipo kitu kimoja tu: kwenye Akkusativ, hali ya kinachotendwa, kinachobadilika ni der peke yake. Der inakuwa den, ein inakuwa einen. Die haibadiliki, das haibadiliki, wingi haubadiliki. “Ich habe ein Tisch” ni kosa hilo tu. Ungekuwa na taa (die Lampe) au kitabu (das Buch), ungesema eine Lampe, ein Buch, kama kawaida. Ukilielewa hilo, umemaliza robo ya jedwali.

Kwa wanaokumbuka sarufi ya sekondari: Akkusativ kwa kawaida ndiyo yambwa tendwa, Dativ ndiyo yambwa tendewa. Ninampa mtoto kitabu. Kitabu ndicho kinachotolewa, mtoto ndiye anayepewa. Ich gebe dem Kind das Buch. Kila unapoona kwenye Kiswahili ungetumia kauli ya kutendea, kununulia, kuandikia, kuletea, yule anayenunuliwa kitu ndiye wa Dativ. Haikubali kila mahali, lakini inakubali mara nyingi kuliko unavyotarajia. Baadaye utakutana na helfen (kusaidia) na danken (kushukuru) zinazotaka Dativ bila kuuliza mtu.

Kuhusu “Morgen ich gehe”: kitenzi kina kiti chake, cha pili, na hakimpishi mtu. Ukianza na ich, ni ich gehe. Ukianza na morgen, morgen imekalia kiti cha kwanza, cha pili ni cha gehe, na ich anasubiri nyuma: Morgen gehe ich. Angalia, nimesema kiti, sikusema neno. “Meine kleine Schwester wohnt hier”, mdogo wangu wa kike anaishi hapa: maneno matatu yamebanana kwenye kiti kimoja, wohnt yuko cha pili. Halafu kuna vitenzi vinavyokatika vipande, kama anrufen, kupiga simu. Ich rufe dich morgen an. Kipande kimoja kiti cha pili, kingine mwisho kabisa wa basi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anakisahau kila mara, nikawa nanyoosha mkono kama kondakta mpaka akitoe. Na usisikilize Kijerumani ukaondoka kabla sentensi haijaisha, unaweza kuwa hujajua kilichosemwa.

Kuhusu “Ich bin Student”, kaka, mimi sioni kosa. Iko sahihi kabisa. Kamuulize mhadhiri, huenda alikuwa anajaribu wino.

Na kwa kusikiliza nyumbani, Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, wana masomo ya bure mtandaoni kuanzia A1, ngazi ya anayeanza. Yana maelezo mengi na sauti za watu wanaoongea kwa utaratibu.

Nusu Kabla

Nimekuja kwa ajili ya halb acht. Jina langu humu ndani limetokana na hilo, mjue tu nimeteseka.

Kalamu, sisi nusu tunaiongeza juu ya saa iliyokwisha: saa moja na nusu, saa moja imepita, nusu imeongezeka. Wao nusu wanaihesabu kuelekea saa inayokuja. Halb acht ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30. Sasa sisi tuna mzigo wa pili, kwamba saa yetu inahesabu kutoka alfajiri na yao kutoka usiku wa manane, kwa hiyo kichwa kinageuza mara mbili huku treni inaondoka. Mimi nafanya hivi: nasikia acht, natoa sita, napata saa mbili. Kuna halb? Basi ni saa mbili kasoro nusu saa. Saa moja na nusu. Namba ikiwa sita au ndogo kuliko sita, naongeza sita badala ya kutoa. Robo haina tabu, Viertel vor acht ni saa mbili kasorobo vilevile, na Viertel nach acht ni saa mbili na robo. Kituoni na redioni mara nyingi watataja saa 24 kwa mfululizo, sechzehn Uhr dreißig, yaani 16:30, hiyo ni rahisi. Halb ni ya watu mtaani, na ya mitihani.

Namba za 45: wanaanza na mamoja. Fünf-und-vierzig, tano-na-arobaini. Ukiandika jinsi unavyosikia, kalamu inaandika 5 kwanza na umekwisha. Ukisikia “und”, acha nafasi, andika 5 kulia, kisha rudi kushoto uweke 4. Inaonekana ya kijinga. Baada ya siku kumi mkono unajua wenyewe.

Na kwa kuwa hukuuliza matamshi, nitakueleza matamshi. Bahati yetu ni kwamba herufi zao ni waaminifu karibu kama zetu, ukishajua w ni v, v mara nyingi ni f, z ni ts, ei ni ai, ie ni ii ndefu, eu ni oi. Ch ya “Buch” unayo, ni kh ya sheikh. Ch ya “ich” huna: weka ulimi kama unataka kusema “y”, halafu badala ya sauti toa pumzi. Ü ni “i” ndani ya mdomo huku midomo nje inasema “u”. Usiipuuze, kwa sababu drucken ni kuchapa kwenye printa na drücken ni kubonyeza, na nilishasimama mbele ya mashine na Mjerumani, yeye ananiambia nibonyeze, mimi namwambia karatasi zimeisha.

Tatizo letu kubwa ni konsonanti zinazosongamana. Kiswahili kinapenda kila konsonanti ipate irabu yake, kwa hiyo Strumpf, soksi, inatoka “shitirumpufu”. Jenga kutoka nyuma: pf. Umpf. Rumpf. Trumpf. Strumpf. Herbst hivyo hivyo. Fanya ukiwa peke yako.

Kalamu Kavu

Jamani. Sikutarajia haya yote. Mzee, nimecheka pale pa chai, na nimefungua daftari langu: maneno 211, yenye mwenzake ni 9. Usiku wa leo nimeanza kuyatafuta mmoja mmoja. Kiingereza umekisia sawa, ndicho anachofundishia.

Jambo moja la kuwarekebisha. Nimeitwa kaka mara mbili humu ndani. Mimi ni dada.

Halafu Mzee, kama -chen ni das, ndiyo maana “Mädchen” ni das? Msichana ni kitu? Darasani tuliuliza, akajibu “ndivyo ilivyo”.

Mzee wa Ngeli

Loo! Basi duara jekundu limejieleza lenyewe. Mwanangu, mwanamke haandiki “Ich bin Student”. Anaandika “Ich bin Studentin”. Lehrer, Lehrerin. Mama yako ulimwandika Lehrerin sawasawa, ukajisahau mwenyewe. Kwa Kiswahili umeandika kurasa nzima hapa na hakuna aliyejua wewe ni nani. Kwa Kijerumani ungejulikana kwenye sentensi ya kwanza.

Sasa Mädchen. Hakuna anayemdharau msichana. Fikiria “mtoto analia”. Sasa mfanye mdogo zaidi: “kitoto kinalia”. Umeona? Ni mtu aliye hai, lakini umempa ki- ya udogo, na papo hapo sentensi nzima ikaacha a- ikafuata ki-. -chen ni ile ki- ya udogo, tofauti ni kwamba wao wanaibandika mkiani. Das Haus, das Häuschen, kijumba. Der Tisch, das Tischchen, kijimeza. Kila kinachoingia mlango wa -chen kinatoka das, awe mtu, paka au kijiko. Neno la asili la Mädchen ni Magd, die Magd, likapunguzwa.

Na ukisikia Wajerumani wanaanza na das Mädchen kisha wanaendelea na “sie”, usishangae. Sisi nasi tunasema kijana ANAkuja, kiongozi AMEsema, ki- iko palepale na hatuijali.

Penseli Butu

Dada, niwie radhi kwa ile kaka. Na niwie radhi kwa mhadhiri, wino wake ulikuwa na kazi. Mimi ninayewasaidia watu ndiye niliyeangukia kwenye shimo lile ninalowaonya wasiangukie.

Ukweli Mchungu

Maelezo matamu sana. Alama bado ni 14.

Kalamu Kavu

Narudi baada ya mwezi kasoro. Niliahidi moyoni kwamba nikirudi nitakuja na namba, maana mimi ni mtu wa takwimu.

Jaribio la pili: 23 kati ya 40. Najua si la kuandikwa ukutani. Ila kwenye kusikiliza nilipata 9 kati ya 10, asante Nusu Kabla, ile ya kuacha nafasi kushoto imeniokoa mara tatu kwenye karatasi moja. Lililokosewa lilikuwa neunundsechzig, 69, nikaandika 96 nikiwa nimejaa kiburi.

Der, die, das: safari hii kulikuwa na nomino 20 za kuzipa mwenzake, nusu alama kila moja, nikapata 15. Nne nilizipata kwa mikia tu, Zeitung, Freiheit, Universität na Brötchen. Moja nilikosa kwa sababu ya Mzee: niliona “Butter” nikafumba macho nitafute upande wa ukurasa, nikaona kulia. Kumbe ni die, nililiandika upande usio wake tangu mwanzo.

Akkusativ nimeshika. Dativ inaniingia kwa “kichwa kinaniuma”, halafu ikija na “in” na “auf” inatoka tena. Kwangu mimi weka mezani na kipo mezani ni mezani ileile, na wao wanataka auf den Tisch ukiweka, auf dem Tisch kikishakaa. Nimeanza kuweka vitu mezani huku nasema kwa sauti. Mwenzangu wa chumbani ameomba kuhamishwa, nadhani ni kwa sababu nyingine.

Ofisini kwa mhadhiri nilikwenda. Nilibisha hodi, nikajitambulisha, “Ich bin Studentin”, nikavuta ile -in mpaka mwisho. Akacheka, akasema karatasi zenye duara lile zilikuwa saba na mimi ndiye niliyekuja.

Wiki ijayo tunaanza Perfekt, wakati uliopita. Wamesema vitenzi vingine vinakwenda na haben (kuwa na), vingine na sein (kuwa). Kama kuna mtu ana daftari lenye doa la chai kuhusu hilo, aje.

Ukweli Mchungu

Kwa hiyo hukuacha. Dirisha lilifungwa lini vile?

Kalamu Kavu

Ijumaa ile. Halb fünf.